SPRINGI YA MIZANI NA MCHORO WAKE WA KOMPYUTA

Maneno ya hotuba iliyosomwa na mwalimu wa uchoraji wa mitambo wa karakana yetu, mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu



Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kusema mbele yenu siku hii ya furaha. Waliotangulia kusema wamehesabu mazao, maghala na malori ambayo ushirika wetu umeyapata katika miaka kumi. Mimi nimetakiwa nieleze habari za kitu kidogo kinachoenea katika kiganja cha mkono. Kitu hicho ni springi, yaani waya wa chuma uliozungushwa mizunguko mingi. Nami nitaeleza jinsi springi inavyochorwa ndani ya kompyuta hata ikaonekana inakwenda, ikivutika na kurudi kama iliyo hai.

Yamkini wapo watakaouliza, "Sisi wakulima na springi wapi na wapi?" Jibu langu ni fupi. Springi ndiyo inayotoa hukumu kila siku mbele ya ghala, kwa kuwa ndiyo iliyomo ndani ya mizani ya kutundika. Mkulima amelima, amepalilia, amevuna na kubeba. Lakini kazi yake yote ya mwaka huandikwa daftarini kwa kadiri springi ile itakavyosema. Springi ikisema kweli, mkulima hupata haki yake. Ikisema uongo, hata karani mwaminifu ataandika uongo.

Wazee waliopo hapa wanajua kwamba mizani ni jambo la asili katika habari za ushirika wa nchi hii. Huko Usukuma, mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba waliokuwa wakilalamikia mizani ya wanunuzi walianza kujiunga na kuweka wapimaji wao wenyewe. Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wa kazi ile, na mwaka 1955 vyama vyao vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Basi si neno geni kwa mwana ushirika kuitazama mizani kwa jicho la kuuliza. Ninalotaka kuonyesha leo ni kwamba jicho lile lile la kuuliza yatupasa tulielekeze pia kwenye picha za kompyuta.

MIZANI YA MFANO

Ili tusiseme kwa maneno matupu, na tuchukue mizani moja ya mfano, ya kupima hadi kilo 50. Ndani yake mna springi moja, imefungwa juu, na chini yake pana kulabu ya kutundikia gunia. Gunia linaponing'inia, springi huvutika. Kwenye ile sehemu inayoshuka umefungwa ufito wa chuma wenye meno, na meno hayo yamekamatana na gurudumu dogo lenye meno 20. Ufito ukishuka, gurudumu huzunguka. Na kwa kuwa mshale umekazwa kwenye gurudumu hilo, mshale nao huzunguka juu ya uso wenye tarakimu. Mshale hauna elimu yake wenyewe. Unalolisema ni lile lililosemwa na springi.

Vipimo vya springi yetu ni hivi: unene wa waya ni milimita 5, upana wa mzunguko, ukipimwa kutoka katikati ya waya hadi katikati ya waya wa upande wa pili, ni milimita 40, na mizunguko inayofanya kazi ni 12. Isipobeba kitu, mizunguko yake hugusana, na kiwiliwili chake huwa na urefu wa milimita 60.

Mtu wa kwanza kuieleza sheria ya springi alikuwa Mwingereza, Robert Hooke. Mwaka 1676 aliitangaza kwa fumbo la herufi zilizochanganywa, na mwaka 1678 akalifumbua. Maana yake ni kwamba springi huvutika kwa kadiri ya nguvu inayoivuta: mzigo ukiwa maradufu, mvutiko nao huwa maradufu. Ndiyo sababu tarakimu za mizani nzuri ya springi zimepangwa kwa nafasi zilizo sawa.

Ugumu wa springi yetu waweza kupatikana kwa hesabu. Unene wa waya huzidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne, yaani 5 × 5 × 5 × 5, kisha huzidishwa kwa ukinzani wa chuma chenyewe, ambao kwa chuma cha springi ni kama newtoni 79,000 kwa milimita mraba. Jawabu hilo hugawanywa kwa 8, kwa 40 × 40 × 40, na kwa mizunguko 12. Tunapata kama newtoni 8 kwa kila milimita. Ndiyo kusema, ili springi ivutike milimita moja, yataka itundikwe gramu kama 820. Kilo moja huivuta milimita 1.22, na kilo 50 huivuta milimita 61. Gurudumu letu la meno, ambalo mzunguko wake ni kama milimita 63, hugeuka nyuzi 7 kwa kila kilo. Kwa kilo 50 mshale hugeuka nyuzi 350, yaani karibu duara zima.

Nawaomba mzishike akilini tarakimu hizi chache, maana hizo ndizo zitakazotupambanulia picha ya kweli na picha ya uongo.

KUICHORA SPRINGI IKIWA IMETULIA

Kuchora mitambo kwa kompyuta si jambo la jana. Mwaka 1963 huko Marekani, katika chuo cha MIT, Ivan Sutherland alionyesha programu yake iitwayo Sketchpad. Mchoraji aliweza kuiamuru kompyuta kwamba mistari hii miwili iwe sambamba, au iwe na urefu ulio sawa, nayo ikalishika agizo hilo hata mchoro ulipobadilishwa. Hapo ndipo mchoro wa kompyuta ulipopita ule wa karatasi. Karatasi hushika mistari tu, lakini kompyuta hushika pia masharti yaliyoifunga mistari hiyo.

Siku hizi programu za namna hii ni nyingi. Ziko zinazouzwa kwa fedha nyingi, na ziko zinazotolewa bure, kama FreeCAD, ambayo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2002. Karakana yetu inatumia hiyo ya bure, na kwa kazi ninayoieleza inatosha.

Springi huchorwa hivi. Kwanza fundi huweka njia, nayo ni mstari unaozunguka huku ukipanda, mfano wa uzi wa parafujo. Kompyuta humwuliza mambo matatu: upana wa mzunguko, idadi ya mizunguko, na umbali wa kutoka mzunguko mmoja hadi unaoufuata. Umbali huo nitauita mwachano. Pili, kwenye mwisho wa njia ile huchora duara la milimita 5, ambalo ndilo unene wa waya, na kulisimamisha likikingama na njia. Tatu, huiamuru kompyuta iliburute duara lile toka mwanzo wa njia hata mwisho. Kila linapopita huacha chuma nyuma yake, kama tambi itokavyo katika kinu chake, ila tambi hii hufuata njia iliyoamriwa. Mwisho huongeza kulabu mbili, moja juu na moja chini.

Fundi mzoefu huacha nafasi ndogo mno kati ya mizunguko. Badala ya mwachano wa milimita 5 kamili huandika 5.01, kwa sababu programu nyingi hukataa kuunda umbo linalojigusa au kujiingia lenyewe. Wanafunzi wengi hukwama hapo siku ya kwanza, wakadhani kompyuta imeharibika. Kumbe inatimiza wajibu wake.

NJIA MBILI ZA UONGO NA MOJA YA KWELI

Mpaka hapa springi imetulia, na mchoro wake si mgumu. Taabu huanza tunapotaka ivutike. Sehemu nyingine za mashine ni nyepesi kuziendesha katika picha: gurudumu huzunguka, ufito hushuka, wala umbo lao halibadiliki. Springi haiko hivyo, kwani kwenda kwake ndiko kubadilika kwake. Kwa hiyo mchoraji hana budi kuamua ni kitu gani kibadilike na ni kitu gani kisibadilike, na hapo ndipo wengi hupotea.

Njia ya kwanza ya uongo ni kuivuta picha yenyewe. Mchoraji huichukua springi ya milimita 60 na kuiamuru kompyuta iirefushe iwe 121, kama mtu avutaye kipande cha mpira. Kwa mbali picha hupendeza, lakini isogelee uitazame. Waya uliokuwa mviringo wa milimita 5 sasa umekuwa kama yai: upana wake ni 5 na kimo chake ni 10. Mizunguko iliyokuwa ikigusana ingali inagusana, wala hakuna mwanga upitao kati yake, ingawa springi imebeba kilo 50. Tena ukiuliza kiasi cha chuma, kompyuta itakujibu kwamba kimeongezeka maradufu. Chuma kimezaliwa bila tanuri wala mhunzi! Mkulima yeyote akiona gunia limeongezeka maradufu njiani bila mtu kutia kitu, atajua kuna hila.

Njia ya pili ya uongo ni kuushika mwachano na kuongeza mizunguko. Springi huanza na mizunguko 12, na kadiri inavyoshuka huota ya 13, ya 14, hata ikafika 24. Hapo waya haukubadilika unene, lakini urefu wake umeongezeka pasipo mtu kuuongeza. Na kwa kuwa kila mzunguko unaozaliwa hubadilisha mahali pa ncha ya waya, kulabu ya chini huzunguka ovyo, mara yatazama mashariki, mara magharibi. Springi ya chuma haifanyi hivyo.

Njia ya kweli ni moja. Waya ubaki na unene wa milimita 5. Mizunguko ibaki 12. Urefu wa waya, ambao ukinyooshwa ni kama milimita 1,509, ubaki ule ule. Mwachano peke yake ndio uongezwe, kutoka milimita 5 hadi 10.1 kwa kilo 50. Hapo mizunguko huachana, mwanga hupita kati yake, na kulabu hukaa zikielekea upande wake wa daima. Kulabu zenyewe hazirefushwi. Huchukuliwa tu, kama abiria katika chombo.

Liko na jambo dogo ambalo fundi mwangalifu hulitia. Waya usioongezeka urefu, ukipanda kwa mwinuko mkubwa zaidi, huzunguka kwa upana uliopungua kidogo. Katika springi yetu upana hupungua kutoka milimita 40 hadi 39.9 hivi. Kwa mizani hii tofauti hiyo haina madhara. Lakini katika springi ya kusukumwa, kama ile ya vali za injini ya lori, mambo hugeuka: ikibanwa, hupanuka. Ikiwa imewekwa ndani ya tundu la kuibana sana, mchoro uliosahau jambo hilo hautaonyesha kwamba springi itasugua ukuta. Faida kubwa ya mchoro wa kweli ni hiyo, kutuonyesha mgongano kabla chuma hakijakatwa na fedha hazijatoka.

UZITO NDIO UTAWALE

Sasa nafika kwenye neno ambalo kwa ajili yake nimesimama hapa. Baada ya kuiweka springi sawa, mchoraji ana njia mbili za kuiendesha mizani nzima.

Aweza kuuendesha kila mwili peke yake: springi aiambie ishuke milimita 61 kwa muda wa sekunde mbili, mshale auambie ugeuke nyuzi 350 kwa sekunde mbili, na gunia aliambie lishuke pamoja nao. Vitu vyote vitakwenda kwa wakati mmoja, na mtazamaji atapiga makofi. Lakini vitu vile havijuani. Ni kama watu watatu wanaocheza ngoma kila mmoja akiisikia ngoma yake sikioni, wakapatana kwa bahati tu.

Au aweza kuweka jambo moja liwe sultani wa yote, nalo ni uzito. Ndani ya mchoro huandika jedwali. Mstari wa kwanza ni kilo zilizotundikwa. Mstari wa pili ni mvutiko, unaopatikana kwa kugawanya uzito kwa ugumu wa springi. Na ugumu wenyewe unahesabiwa humo humo kutokana na unene wa waya, upana na idadi ya mizunguko. Mstari wa tatu ni mwachano. Wa nne ni upana uliopungua. Wa tano ni mahali pa kulabu ya chini na ufito wa meno. Wa sita ni pembe ya mshale. Kila kipimo cha mchoro hufungwa kwenye mstari wake. Ukiandika kilo 10, springi hushuka milimita 12.2 na mshale hugeuka nyuzi 70. Ukiandika 25, springi hushuka milimita 30.5 na mshale husimama nyuzi 175. Mchoraji haugusi mshale kwa mkono wake hata mara moja.

Kupata picha iendayo huwa ni kazi nyepesi baada ya hapo. Fundi huandika kilo 0, 1, 2, hata 50, na kila mara kompyuta huiunda springi upya na kutoa picha moja. Picha 51 zikionyeshwa 25 kwa kila sekunde, jicho huona mwendo mmoja laini wa sekunde mbili hivi. Kompyuta ndogo huchoka kuunda mizunguko yote kila mara. Basi wakati wa kujaribu fundi huonyesha mstari wa njia peke yake, na waya kamili huutia mwishoni.

SEHEMU YA KUMI YA MILIMITA

Mtasema: ikiwa picha zote mbili zinaonekana sawa machoni, ya nini kujitaabisha? Natoa mfano mmoja, nao unatosha.

Tuseme springi ya mizani imekatika, na muuzaji ametuletea nyingine. Inafanana na ya kwanza kama shilingi kwa ya pili, ila waya wake una unene wa milimita 5.1 badala ya 5. Sehemu ya kumi ya milimita, ambayo jicho haliioni. Lakini kumbukeni kwamba unene huzidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne. Mengine yote yakiwa yale yale, springi hii ni ngumu zaidi kwa sehemu 8 katika 100. Gunia la kilo 50 litaivuta milimita 56.4 tu, na mshale utasimama penye kilo 46 na kidogo. Mkulima amepoteza karibu kilo 4 katika gunia moja, na hakuna mwizi aliyeonekana. Waya ukiwa 4.9, mambo hugeuka: mshale husema zaidi ya kilo 54, na hasara inakiangukia chama. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa haba na haba hukimwaga kibaba.

Sasa iandike 5.1 katika mchoro wa jedwali. Papo hapo springi inavutika kidogo kuliko kwanza, na mshale unasimama kabla ya mahali pake. Picha imetoa ushahidi. Nenda ukaiandike katika mchoro ule mwingine, ambamo kila kitu kimeendeshwa peke yake. Waya utanenepa kidogo, lakini mshale utageuka nyuzi 350 kama jana, na kusema kilo 50 kwa uso mkavu. Mchoro huo ungesema kilo 50 hata kama ungeiondoa springi yote. Ndiyo maana nasema kwamba picha iendayo yaweza kudanganya kama mizani idanganyavyo, na kwa sababu ile ile: mshale umefunguliwa kutoka kwenye uzito.

MAMBO AMBAYO PICHA HAIYAJUI

Singetaka mtoke hapa mkidhani kwamba mchoro wa kweli wajua yote. Springi ya kwenye kioo ukiiandikia kilo 500 itavutika zaidi ya nusu mita, kisha itarudi mahali pake bila kulalamika. Ya chuma ingenyooka isirudi tena. Kila chuma kina kikomo chake, na kikipita kikomo hicho sheria ya Hooke hukoma. Kwa hiyo fundi hana budi kuweka katika jedwali mpaka wa kilo 50, na katika mizani yenyewe kizuizi cha chuma cha kuizuia springi isipitilize.

Tena picha haijui kutu, wala haijui kuchoka kwa chuma kilichovutwa na kurudi maelfu ya mara. Wala haijui kama chuma tulichouziwa ndicho tulichotajiwa. Hayo hujulikana kwa kutundika mawe ya mizani yaliyo halali na kuutazama mshale. Na katika Tanzania kazi ya kuhakiki mizani ya biashara ni ya Wakala wa Vipimo. Mizani iliyofunguliwa na kutiwa springi mpya haina haki ya kurudi ghalani kwa sababu tu mchoro wake ni mzuri. Na ihakikiwe kwanza.

MASWALI MATATU

Wapo wanachama walioniuliza, tena kwa haki, kwa nini karakana itumie muda na umeme kuchora vitu vinavyoweza kununuliwa dukani. Nawajibu hivi. Hatuchori ili tuwe na picha ukutani. Twachora ili siku ya kuagiza kipuri tujue twataka nini, kwa vipimo vyake, na siku ya kukipokea tujue kama tumepewa tulichotaka. Asiyejua kipimo cha kitu chake hununua kile alichoamua muuzaji.

Tena siku hizi wauzaji wa mashine huja kwenye mikutano yetu na picha ziendazo. Kinu chasaga, mashine yapukuchua, springi zavutika na kurudi, na kila kitu chang'aa. Sisemi kwamba ni waongo. Nasema kwamba mjumbe wa chama, hata kama hajapata kuigusa kompyuta, anaweza kuuliza maswali matatu.

La kwanza: "Hebu simamisha picha hiyo springi ikiwa imevutika. Unene wa waya ni ule ule? Mizunguko ni ile ile?" Akiona waya umekuwa yai, ajue kwamba aliyechora alitafuta uzuri wa macho.

La pili: "Ni tarakimu gani inayoendesha picha hii? Ibadilishe mbele yetu." Ikiwa uzito ukibadilishwa kila kitu kinabadilika, picha ina hesabu ndani yake. Ikiwa hakuna kinachobadilika, hiyo ni sinema, nayo tutaitazama kama sinema.

La tatu: "Chombo chenyewe kimepimwa kwa mzigo wa kweli, mbele ya nani, na cheti kiko wapi?" Swali hili halijibiwi kwa picha yoyote, iwe ya kweli au ya uongo.

Mjumbe anayeuliza hayo halindi fedha zake peke yake. Analinda kilo za watu ambao hawakufika mkutanoni kwa sababu walikuwa shambani.

MAOMBI YANGU

Bwana Mwenyekiti, kwa kuwa leo ni siku ya kutazama miaka kumi iliyopita na ile ijayo, naomba kuacha mbele ya Halmashauri mambo matatu.

Kwanza, kila mchoro wa kipuri utakaofanywa katika karakana uhesabiwe kuwa mali ya ushirika, nao uandikwe katika orodha ya mali kama mizani na malori. Na jedwali la vipimo vyake liandikwe pia kwa wino katika kitabu, kwa sababu kompyuta hufa na umeme hukatika. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, kila chama cha msingi kilete kijana mmoja, wa kiume au wa kike, ajifunze kupima kwanza na kuchora baadaye. Nasema kupima kwanza. Kijana ajuaye kuishika kalipa na kuusoma unene wa waya hadi sehemu ya kumi ya milimita atajifunza programu yoyote kwa muda si mrefu. Bali ajuaye programu bila kupima, kila atakachochora kitakuwa kizuri na hakuna kitakachoingia mahali pake.

Tatu, iwe ni kanuni yetu kwamba springi ya mizani haibadilishwi kwa kufananisha kwa macho. Ipimwe waya, ihesabiwe mizunguko, ijaribiwe kwa mawe, ndipo iende kuhakikiwa.

Mabibi na mabwana, wazee wetu walijiunga wakataka mtu wao asimame karibu na mizani aone mshale unasimama wapi. Sisi tumeongezewa chombo cha kutuwezesha kuona kwa nini unasimama pale. Tusikitumie kwa kujifurahisha, wala tusikiogope. Tukidai kwake lile lile tunalolidai kwa karani na kwa mizani, kwamba mshale usiende ila umepelekwa na uzito, kitatufaa sisi na watoto wetu.

Nawatakia ninyi nyote, na ushirika wetu, miaka mingine kumi ya kipimo cha haki.